Anayeokoa mafuta kwenye haibridi ni betri au ni mguu wa dereva?

PediLaini (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kila haibridi (gari yenye injini ya petroli na mota ya umeme pamoja) ikitajwa humu, mjadala unaishia sehemu mbili: betri itakufa lini, na gari inakwenda kilomita ngapi kwa lita. Ni maswali halali na tutayafikia. Ila kwa muda niliokaa na gari hii naona jambo kubwa zaidi linarukwa. Haibridi inamfundisha dereva kuendesha upya, na sehemu nzuri ya mafuta yanayobaki kwenye tenki inatokana na mafunzo hayo. Mpe haibridi mtu ambaye mguu wake haujabadilika, atarudi hapa kulalamika kwamba matangazo yalimdanganya.

Nianze na hili maana mengine yote yananing'inia hapa. Haibridi ya kawaida, ile isiyochomekwa ukutani, haina chanzo kingine cha nishati zaidi ya petroli iliyo kwenye tenki. Umeme wote uliomo kwenye betri ulitoka huko. Ama injini ilizungusha jenereta, ama injini iliipa gari mwendo na wewe ulipopunguza kasi mota ikaugeuza ule mwendo kuwa umeme. Kwa hiyo anayesema "hapa natembea bure, natumia umeme" anatumia mafuta aliyoyachoma dakika chache nyuma.

Sasa inaokoaje? Kwanza inakataa kuwasha injini pasipo na kazi. Gari ya kawaida ikisimama kwenye taa inaunguruma tu, na injini inayounguruma bila kwenda popote inaweza kula nusu lita hadi lita nzima kwa saa. Pili, injini yenyewe ni ya aina nyingine. Toyota tangu Prius ya kwanza, iliyotoka Japani Desemba 1997, wanatumia mzunguko wa Atkinson: valvu za kuingiza hewa zinachelewa kufunga, injini inapata nguvu kidogo kwa ukubwa wake lakini inakamua zaidi kila tone. Ule upungufu wa nguvu wakati wa kuondoka unafidiwa na mota. Injini peke yake ingekuwa goigoi, mota peke yake isingefika mbali.

Tatu ni breki, na hapa ndipo dereva anapobadilika.

Chukua gari ya kilo 1,400 iliyo kwenye 60 km/h. Nishati ya mwendo wake ni kama kilojuli 194. Kwa injini yenye ufanisi wa asilimia 35, kuufikia mwendo huo kumegharimu mililita 16 au 17 za petroli, hapo hatujahesabu upepo wala msuguano wa matairi. Ukiwa 100 km/h nishati inaruka hadi kilojuli 540, yaani mililita 45 na ushee. Kwenye gari ya kawaida ukikanyaga breki, hayo mafuta yote yanageuka joto kwenye pedi na diski yakapeperuka. Haibridi inarudisha sehemu yake. Nasema sehemu, kwa sababu mota inapogeuka jenereta inapoteza kidogo, inveta (kifaa kinachobadili umeme kati ya betri na mota) inachukua chake, betri nayo inapopokea inakata, halafu umeme ukirudi magurudumuni makato yanaanza upya kutoka upande wa pili.

Maana yake: breki bora kuliko zote ni ile usiyoikanyaga. Inayofuata ni ya kukanyaga taratibu na mapema. Ya mwisho ni ile ya kushtukiza, kwa sababu betri ina kikomo cha umeme inaoweza kupokea kwa mara moja, na ukikizidi, pedi za kawaida ndizo zinazofanya kazi. Hata katika kusimama taratibu, kwenye mwendo wa chini kabisa, chini ya kama 10 km/h, ni pedi tena.

Mtu akishalijua hilo hawezi kuendesha kama zamani. Macho yanahama kutoka kwenye bampa la gari iliyo mbele yanakwenda magari matano mbele yake. Taa imekuwa nyekundu kule mbali? Mguu unatoka kwenye mafuta papo hapo. Mara nyingi unafika pale taa imeshageuka kijani na gari bado inatembea, maana yake umeokoa hata ile gharama ya kuondoa gari kutoka sifuri. Gari iliyokupita kwa fujo mita mia mbili nyuma unaikuta imesimama hapo hapo.

Tiririkeni, wakuu. Nitajibu ninavyoweza.

MzeeKabureta

Nimesoma yote. Swali langu ni moja. Hayo ya kuangalia mbali na kuachia mafuta mapema tuliyafanya enzi za kabureta, na hata hizi za injekta ukiachia mafuta gari ikiwa kwenye gia, injekta zinakata kabisa. Sasa haibridi ya nini? Si mtu ajifunze tu kuendesha?

PediLaini

Shikamoo mzee. Hoja yako ni ya kweli na naomba wengine waisome vizuri: kwenye gari ya kawaida ya injekta, ukiachia pedali gari ikiwa kwenye gia, mafuta yanakatwa mpaka mzunguko wa injini ushuke karibu na sailensa, yaani ule wa kuunguruma gari ikiwa imesimama. Ndiyo maana kuweka nyutro kwenye mteremko ni ujinga mara mbili: unaongeza ulaji na unapoteza msaada wa injini kushika gari.

Lakini kuna tofauti mbili. Moja, ukiachia mafuta kwenye gari ya kawaida injini inakuvuta nyuma, inakula mwendo wako. Kwenye haibridi injini inaweza kuzima kabisa na gari ikateleza. Pili, na kwangu hii ndiyo kubwa, gari ya kawaida haikuambii chochote. Unakanyaga, inakwenda, bili unaiona sheli wiki nzima baadaye wakati hukumbuki ulikanyaga wapi. Haibridi ina kile kioo chenye mishale na mshale wa ECO, inakuonyesha hapo hapo nishati inaelekea wapi. Binadamu hujifunza haraka pale kosa na matokeo yakikaribiana. Wewe mzee ulijifunza kwa sikio na miaka. Wengi wetu hatukuwa na sikio hilo.

MzeeKabureta

Marahaba. Hapo nimekuelewa. Bado siununui huo mtambo.

UsukaniDada

Mimi nina kinyume chake. Mjini gari yangu inakula vizuri sana, lakini nikitoka safari ndefu ulaji unapanda. Gari zangu za nyuma zote safari ndefu ndiyo ilikuwa nafuu. Fundi mmoja ameniambia betri imechoka. Ni kweli?

PediLaini

Dada, kabla hujatoa hela kwa fundi, jua kwamba hiyo ni tabia ya kawaida ya haibridi. Prius ya kizazi cha 3 ilipopimwa na EPA, wakala wa mazingira wa Marekani, kwa mwaka wa modeli 2010 ilipewa maili 51 kwa galoni mjini na 48 barabara kuu. Mjini ni bora kuliko safari, kinyume na gari nyingi za petroli tupu. Kwa hesabu zetu hizo ni kama kilomita 21.7 na 20.4 kwa lita.

Sababu ni kwamba faida za haibridi zinaishi pale penye kusimama na kuondoka. Barabara kuu husimami, hubreki, injini ipo kazini muda wote. Kinachobaki ni ufanisi wa injini na umbo la gari. Na adui wako hapo ni upepo. Nguvu ya upepo dhidi ya gari inakua kwa mraba wa mwendo: kutoka 80 hadi 110 km/h inakaribia kuwa maradufu, kwa kila kilomita ile ile. Hakuna betri inayokuokoa hapo. Punguza kutoka 110 hadi 90 kwenye safari yako inayofuata, usibadilishe kitu kingine, halafu uangalie.

Na kama una keria juu ya bodi na hubebi kitu, ing'oe.

UsukaniDada

Keria ninayo 😂 Asante kaka.

FundiInveta

Nimeona "betri imechoka" nikaona niingie. Wenzangu kwenye kazi hii wengine wanaua magari ya watu kwa kubahatisha, kwa hiyo niseme machache ya ndani.

Betri ya Prius ya kizazi cha 2 ni ya nikeli, ina moduli 28, kila moja seli sita za volti 1.2. Jumla volti 201.6, na uwezo wake kama kWh 1.3. Ni kidogo kuliko watu wanavyodhani. Na hata hicho kidogo kompyuta hairuhusu kitumike chote, inaiweka betri kati ya kama asilimia 40 na 80 ili ikae miaka mingi. Ile picha ya betri kwenye kioo ikionyesha imejaa, haijajaa kwa maana ya asilimia 100. Ikionyesha mistari miwili, haijaisha. Kwa hiyo watu wanaoendesha huku wanahangaika kuijaza ile picha wanajitesa. Kazi ya kompyuta hiyo.

Kujua udogo wa betri kunakusaidia milimani. Gari ya kilo 1,400 ikishuka kimo cha mita 100 inaachia nishati ya kama kWh 0.38. Nafasi inayoruhusiwa kutumika kwenye betri ni kama nusu kWh tu. Kwa mteremko mrefu wa milimani betri inajaa mapema, na baada ya hapo gari haina pa kuweka umeme. Hapo utasikia injini inapiga kelele kama unaiumiza, na wewe hujakanyaga mafuta. Usiogope. Gari inaizungusha injini bila mafuta ili iwe breki. Hapo ndipo ile herufi B kwenye gia ina maana.

B si ya kila siku. Kuna watu wanatembea mjini kwenye B wakidhani inachaji zaidi. B inaiita injini ishike gari, kwa hiyo mwendo ambao ungekuwa umeme unaishia kusukuma hewa ndani ya silinda. Ukitaka kuchaji, D na mguu laini kwenye breki. B iwe ya miteremko mirefu.

Na N kwenye foleni ni marufuku. Ukiwa N mfumo hauwezi kuchaji betri hata injini ikiwa inawaka. Ukikaa hivyo na AC inavuta, betri inashuka mpaka gari inakulalamikia.

MguuMzito

Fundi uko vizuri. Sasa mimi nimeshika ile dhana ya kuondoka polepole kabisa ili injini isiwake. Naondoka kwenye taa kwa umeme tupu mpaka 40. Wanaonifuata wanapiga honi kama harusi, lakini nasema wacha wapige, mimi naokoa. Je, naokoa kweli?

PediLaini

Mkuu, hapana, na wanaopiga honi wana haki yao.

Umeme unaoondokea nao ni petroli iliyokatwa njiani mara kadhaa. Ukiimaliza betri kwa kutambaa, injini italazimika kuwaka baadaye kuirudisha, tena pengine ukiwa umesimama. Kwa ujumla umechukua njia ndefu kufikia magurudumu. Injini hizi zina ufanisi mkubwa zikipewa mzigo wa kati. Zikibembelezwa kupita kiasi hazikupi kitu, na mzigo mkubwa sana nao unatapanya. Ondoka kwa nguvu ya wastani, injini iwake, ifanye kazi yake kwa sekunde chache, ufike kwenye mwendo wako. Halafu inua mguu kidogo, injini izime, rudisha mguu kwa wepesi kuushikilia mwendo. Hapo umeme unatumika mahali pake: kulinda mwendo uliokwisha kulipiwa.

Kuna wanaopeleka hili mbali, wanapanda mwendo kidogo na kuteleza, wanapanda na kuteleza, safari nzima. Linafanya kazi kwa sababu injini kila ikiwaka inawaka kwenye mzigo mzuri, na ikizimwa inazimwa kabisa. Kwenye Prius ya kizazi cha 2 hilo linawezekana chini ya kama 67 km/h tu, maana juu ya hapo mpangilio wa gia za sayari, zile zinazounganisha injini, jenereta na magurudumu, unalazimisha injini izunguke ili jenereta isizidi mzunguko wake. Mimi nalifanya kwenye barabara tupu tu. Kwenye magari mengi ni usumbufu kwa wenzako, na dereva anayekodolea kioo cha mishale haoni mtoto anayevuka.

Hilo la watu wanaovuka lichukulieni kwa uzito. Watu huvuka kwa masikio, na gari inayotembea kwa umeme kwenye mwendo mdogo haisikiki. Ndiyo maana Umoja wa Ulaya, kuanzia Julai 2019 kwa modeli mpya na 2021 kwa gari zote mpya, unadai haibridi na za umeme zitoe mlio zikiwa chini ya 20 km/h. Haibridi za zamani hazina mlio huo. Kwenye maegesho nimezoea kudhani kwamba hakuna anayejua nipo.

MguuMzito

Sawa nimekubali kishingo upande. Kesho naondoka kama watu.

LitaMoja

Mimi nimepigwa na tarakimu. Nimenunua Toyota Aqua, karatasi zinasema kilomita 35.4 kwa lita. Sijawahi kuziona hata kwenye ndoto. Napata kama 20, siku nzuri 22. Nirudishe gari?

PediLaini

Usirudishe, gari yako ni nzima.

Ile 35.4 ni ya kipimo cha Japani kinachoitwa JC08, na Aqua ilipotoka Desemba 2011 ndiyo ilitangazwa nayo. Kwa kipimo cha zamani zaidi, 10-15, gari hiyo hiyo ilisomeka 40. Ilipouzwa Marekani kwa jina la Prius c, EPA wakaipa maili 50 kwa galoni kwa wastani, ambazo ni kama kilomita 21 kwa lita. Gari moja, tarakimu tatu. Vipimo vya Japani vya wakati ule vilikuwa na mwendo mdogo na kusimama kwingi, uwanja wa nyumbani wa haibridi kabisa. Siku hizi Japani na Ulaya wamehamia kipimo cha WLTP, ambacho kinakaribia maisha halisi kidogo zaidi. Ukiwa na 20 hadi 22 uko pale pale EPA walipokuweka.

Halafu angalia unapima vipi. Kompyuta ya gari huwa inajipendelea kidogo. Jaza tenki mpaka pampu ikate yenyewe, sifurisha kilomita, tembea mpaka tenki likaribie kuisha, jaza tena vile vile, gawanya. Tenki moja halikuambii kitu kwa sababu pampu hazikati sehemu moja. Chukua wastani wa kadhaa.

Na usilewe kilomita kwa lita. Kipimo hiki kinadanganya macho. Anayetoka gari ya kilomita 10 kwa lita kwenda ya 12.5 anaokoa lita 2 kwa kila kilomita 100. Anayetoka 20 kwenda 25, ambayo inaonekana kuruka kukubwa zaidi, anaokoa lita 1. Hesabu kwa lita kwa kilomita 100 utaona kwamba ukishafika 20 umeshavuna sehemu kubwa. Kuzitafuta 23 kwa kuzima AC huku unatokwa jasho, mimi sioni faida yake.

UsukaniDada

Hapo kwenye AC. Inakula kiasi gani kweli? Kwenye foleni naona injini inawaka-wakia kila baada ya muda hata sijasogea.

FundiInveta

Dada, kompresa ya AC kwenye haibridi hizi ni ya umeme, Toyota waliianza na Prius ya kizazi cha 2 iliyotoka 2003. Ndiyo maana unapata baridi injini ikiwa imezima. Inavuta kwenye betri kubwa, betri ikishuka injini inawaka kuirudisha, ikitosha inazima. Huo mchezo ni wa kawaida. Jua likiwa kali utachezwa mara nyingi, jioni mara chache.

Usizime AC kwa ajili ya kuilinda betri, maana betri nayo inapoza kwa hewa ya ndani ya gari. Kuna tundu la feni pembeni ya siti ya nyuma. Hilo tundu ndilo muuaji wa kimya wa betri nyingi ninazofungua: limezibwa na mizigo, nywele za mbwa, vumbi la miaka. Betri ya nikeli inachukia joto. Safisha feni na kichujio chake, usiweke begi mbele yake.

Taa ya hitilafu ikiwaka na kompyuta ikasoma msimbo P0A80, hapo betri kubwa kweli ina shida, mara nyingi moduli moja au mbili zimekuwa dhaifu na zinaziangusha nyingine. Kubadilisha hiyo moja kunakupa muda, hakukupi betri mpya, kwa sababu mpya na za zamani hazilingani na nyingine dhaifu iko foleni. Fundi anayekubadilishia moja na kukuambia umemaliza, muulize tena.

Lakini gari ikigoma tu kuwaka asubuhi, haiandiki READY (neno la kwenye kioo kwamba gari iko tayari kuondoka), taa zote zinachezacheza kama disko, anza na ile betri ndogo ya volti 12. Haibridi hizi hazina stata wala alteneta ya kawaida. Betri ndogo inawasha kompyuta tu, kwa hiyo inaweza kuchoka usijue mpaka siku hiyo. Watu wameuziwa betri kubwa wakati ndogo ndiyo ilikuwa imekufa.

NjiaFupi

Mimi ofisi iko karibu sana na nyumbani. Nilinunua haibridi kwa kufikiri ndiyo itanifaa zaidi kuliko mtu yeyote. Ulaji ni mbaya kuliko wa jirani anayeendesha mbali kila siku na gari ya aina hiyo hiyo.

PediLaini

Jirani yako injini yake inapata moto, yako haipati. Ukiwasha gari ikiwa ya baridi, hata betri ikiwa imejaa, injini inawaka kwa muda ili ipashe moto kichujio cha moshi na oili. Dakika za mwanzo ndizo mbaya kuliko zote. Wewe safari yako yote ni dakika za mwanzo. Sehemu za baridi ni zaidi, kwa sababu ukiwasha hita injini inabaki inawaka ili tu itoe joto la ndani.

Kama una mizunguko kadhaa siku hiyo, iunganishe, na anza na kituo cha mbali zaidi. Injini inapata moto kabisa, halafu vituo vya karibu unavipitia ukirudi na gari inazima-zima inavyotakiwa. Au kwa umbali huo, tembea kwa miguu siku moja moja. Sitanii.

Na upepo wa matairi, ambao kila mtu anaujua na hakuna anayeupima. Pima matairi yakiwa ya baridi, fuata kibandiko cha mlangoni. Ukibadilisha matairi ukaweka yale mapana ya urembo, usishangae kilomita mbili kwa lita zikipotea. Wanaouza hawakwambii.

LitaMoja

Za kuchomeka je? Kuna anayenishawishi kwamba hizo ndizo mwisho wa maneno.

PediLaini

Inategemea unachomeka au huchomeki. Ripoti ya Kamisheni ya Ulaya ya 2024, iliyotumia kumbukumbu za kompyuta za magari yenyewe, ilionyesha kwamba haibridi za kuchomeka zilitoa kaboni barabarani karibu mara tatu na nusu ya tarakimu za maabara. Petroli na dizeli za kawaida zilizidi kwa kama asilimia 20 tu. Sababu kuu: hazichajiwi wala haziendeshwi kwa umeme kiasi kilichodhaniwa. Isipochomekwa, ni gari ya petroli inayobeba betri nzito. Anayechaji kila usiku na safari zake za siku zinaingia ndani ya chaji, huyo anaweza kukaa muda mrefu bila kuiona sheli. Hapo katikati ni watu wengi wanaonunua kwa nia njema na waya ukabaki kwenye buti.

MzeeKabureta

Nimekaa kimya nasoma. Niongeze langu moja la kuchokoza. Mwanangu amenunua hiyo haibridi. Zamani kwa gari yake ya zamani alikuwa anafikiri mara mbili kabla ya kutoka. Sasa kila siku yuko barabarani, "haili mafuta baba". Mwisho wa mwezi nina shaka anatumia yale yale.

PediLaini

Mzee, umegusa jambo ambalo wachumi wanalijadili tangu karne ya 19. William Stanley Jevons, Mwingereza, aliandika mwaka 1865 kuhusu makaa ya mawe: mashine zikitumia makaa kidogo zaidi, matumizi ya jumla ya makaa yanaongezeka, kwa sababu kazi inakuwa rahisi na watu wanaifanya zaidi. Kwenye magari athari ipo, ila kwa kawaida haimezi faida yote. Mtu ana saa zake za siku na hawezi kuendesha maradufu kwa sababu tu gari inakula nusu.

Ila kwa mtu mmoja mmoja inawezekana kabisa. Mwambie mwanao aache kuangalia kilomita kwa lita, aandike lita za mwezi. Hizo ndizo anazolipia.

MzeeKabureta

Nitamwambia. Atasema baba yangu anaanza tena.

NjiaFupi

Swali la mwisho kwa fundi. Nasafiri, gari itakaa imeegeshwa muda mrefu, kama miezi minne hivi. Niiache tu?

FundiInveta

Usiiache miezi minne bila mtu. Mwachie ndugu funguo. Kila baada ya miezi miwili aiendeshe kwa angalau nusu saa au kilomita 16, betri kubwa ipate chaji, isije ikashuka kupita kiasi. Kuiweka READY imesimama dakika mbili akazima hakutoshi. Betri ndogo ya volti 12 ndiyo itakayokufa kwanza, kwa hiyo anaweza kutoa waya wake wa hasi kati ya mizunguko, akiufunga tena vizuri kabla ya kuwasha. Na mlango wa buti kwenye nyingi ni wa umeme: akitoa waya asifunge buti mpaka ahakikishe anajua njia ya kulifungua kwa mkono, maana betri yenyewe mara nyingi iko humo humo ndani.